Kucheza ramani za mashabiki za Doom kwenye laptopu kuukuu

Laptopu yangu ni ya mtumba. Niliinunua Darajani, Unguja, nikavuka nayo bahari hadi bandari ya Mkoani, Pemba, nimeipakata kama mtoto mchanga. Ina RAM ya gigabaiti 2, na kitufe cha herufi K lazima ukikandamize ndipo kiitike. Mchana inachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi kwenye kiduka changu cha fotokopi hapa Wete. Usiku, nikishateremsha mlango, inacheza Doom, mchezo wa kompyuta wa kupiga mazimwi risasi. Na si Doom yenyewe, hiyo nilishaimaliza zamani. Nacheza ramani, yaani hatua za mchezo, zilizotungwa na mashabiki, na hizo hazimaliziki.

Haziishi kwa sababu ya namna mchezo ulivyojengwa. Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, na jamaa wa id Software walioitunga waliitenga injini, yaani programu inayouendesha mchezo, na vitu vyake. Ramani, picha za kuta, sauti, mazimwi, vyote wakavitia ndani ya faili moja lenye mkia wa .wad. Ukilibadilisha faili umebadilisha mchezo, injini hujaigusa. Mwishoni mwa 1997 wakautoa hadharani na msimbo wa injini, basi watu wakazitengeneza injini nyingine za kwao, na mpaka leo wanazitunza kwa kujitolea.

Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: injini, wadi mama na wadi mwana (wadi ndiyo hilo faili la .wad). Wadi mama ni lile faili kubwa la mchezo wenyewe. Wadi mwana ni kazi ya shabiki, na haiwezi kusimama peke yake kwa sababu picha na sauti nyingi inaazima kwa mama. (Mpwa wangu aliponisikia nasema usiku huu nimepakua wadi tatu, aliuliza, “Mjomba, umeajiriwa hospitali?”)

Kwenye wadi mama ndipo wengi wanapokwama, nami nilikwama. Niliyoanza nayo nilipewa kwenye flashi, faili linaitwa doom1.wad. Hilo ni toleo la majaribio, lenye sehemu ya kwanza tu ya mchezo, ambalo tangu siku hizo lilikuwa likigawiwa bure. Nikajaribu kulipakilia ramani ya shabiki. Likakataa, likaniandikia kwamba toleo hili haliruhusiwi kupakia faili la nje, na kwamba nijisajili. Mimi nikadhani ni virusi. Nikaifomati flashi nzima, na picha za harusi ya binamu yangu zikaenda humo humo. Kumbe haikuwa virusi wala nini: toleo la majaribio lilizuiwa makusudi lisicheze kazi za mashabiki, ili watu wanunue mchezo kamili.

Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza, ununue Doom II, mwendelezo wa Doom, mtandaoni ukachukue doom2.wad ndani ya folda yake. Ya pili, uchukue Freedoom, ambayo ni bure na halali kabisa: watu wamechora upya kila picha na kurekodi upya kila sauti, na faili lake la freedoom2.wad linakaa mahali pa doom2.wad. Mazimwi yana sura nyingine lakini tabia ni zile zile; anayerusha moto anarusha moto, anayekukimbilia kukung'ata anakukimbilia. Kasoro yake ni kwamba mtunzi aliyepanga chumba kwa picha za Doom II, wewe utakiona kwa rangi nyingine kidogo. Nilicheza hivyo karibu mwaka mzima na sikupungukiwa kitu.

Injini mtaambiwa GZDoom, na ni nzuri sana kwa mwenye mashine yake. Inataka kadi ya picha ya kisasa kiasi, na kwenye laptopu yangu iligoma hata kufunguka. Chocolate Doom ni nyepesi, lakini imejengwa iwe kama mchezo wa zamani ulivyokuwa, pamoja na mipaka yake yote, kwa hiyo kifurushi (mkusanyo wa ramani za shabiki) kikubwa cha siku hizi kinaiangusha. Mimi natumia DSDA-Doom. Unaipakua ikiwa zipu, unaifungua kwenye folda, basi, hakuna kusakinisha. Usiitoe programu peke yake ukaiweka kwenye desktopu, kwa sababu ina faili lake dsda-doom.wad ambalo lazima likae nayo pamoja. Ukiifungua, ingia kwenye mipangilio ya video uchague uchoraji wa kawaida wa programu badala ya OpenGL, ambao hutegemea kadi ya picha, na ushushe ukubwa wa picha. Hapo hata mashine kama yangu inakimbia.

Vifurushi vyenyewe viko kwenye hazina ya zamani iitwayo idgames, vimepangwa kwa folda. Vingi ni vyepesi, megabaiti chache, kwa hiyo bando halikuumizi. Vichache vya siku hizi vina muziki na picha zao wenyewe, vinafika makumi ya megabaiti. Hivyo mimi nasubiri bando la usiku.

Sasa sikiliza, na kama utashika jambo moja humu basi shika hili. Ndani ya kila zipu kuna faili la .txt. Lisome kabla hujagusa chochote. Watu wanalipita kama tunavyopita karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa, kisha wanakuja kulalamika kwamba kifurushi kibovu. Mle mtunzi ameandika ni cha Doom ya kwanza au cha Doom II, kinachukua ramani ya ngapi hadi ya ngapi, kama ngazi za ugumu zimewekwa kweli au ni jina tu, makosa anayoyajua, na zaidi ya yote, kinataka injini ya namna gani. Ukikuta wameandika vanilla, ni kwa injini ya zamani. Limit-removing maana yake ramani imezidi mipaka ya mchezo wa 1993 lakini haina jipya jingine. Boom, MBF na MBF21 ni nyongeza za injini zilizokuja baadaye; Boom ndiyo iliyoleta aina mpya za swichi, lifti na mikanda ya kusukuma. Wakiandika GZDoom tu, achana nacho kwa mashine hii.

Hilo neno la injini ndilo linalokupa namba ya kuandika. Ndani ya folda ya DSDA-Doom, weka freedoom2.wad na wadi mwana wako, kisha fungua Notepad uandike mstari mmoja (mfano huu ni wa kifurushi kiitwacho Scythe):

dsda-doom.exe -iwad freedoom2.wad -file scythe.wad -complevel 2 -skill 3

Lihifadhi kwa jina scythe.bat, si .txt, kisha libofye mara mbili. Baada ya -iwad ni mama, baada ya -file ni mwana. Namba ya -skill ni ugumu, 1 hadi 5. Anza na 2 au 3, hakuna anayekuona. Na -complevel inaiambia injini ijifanye ya zama zipi: 2 kwa vifurushi vya Doom II vya kawaida na limit-removing, 9 kwa Boom, 11 kwa MBF, 21 kwa MBF21.

Namba hiyo ilinila robo saa ya usiku mmoja. Nilikuwa nimepakua Ancient Aliens, kifurushi cha 2016 kilichotengenezwa kwa Boom. Kwa uvivu nikanakili faili langu la Scythe nikabadilisha jina la wadi tu, namba ikabaki 2. Nikafika mahali kuna swichi, nabonyeza, kimya. Nikaanza kubonyeza ukuta mmoja baada ya mwingine kwa kitufe cha nafasi, nikizunguka chumba kama mtu anayetafuta swichi ya taa nyumba ya wageni. Mlango haukufunguka kwa sababu injini niliyoitaka ijifanye ya 1994 haikuielewa swichi ya Boom. Kwake ilikuwa picha tu ukutani. Nikatoka, nikaweka 9, nikarudi pale pale, nikabonyeza mara moja.

Vya kuanzia ni vipi? Scythe ya Erik Alm, ya 2003. Ina ramani 32, na za mwanzo ni fupi mno, unamaliza moja kabla chai haijapoa. Hilo ni muhimu pahala umeme unapoweza kukatika na betri yako ni pambo. Usidanganyike lakini, ikifika ramani ya ishirini na kitu inageuka, inakuwa mambo mengine. Halafu Going Down ya 2014, iliyotungwa na Cyriak, yule Mwingereza wa katuni za ajabu: unaanzia juu ya jengo, kila ramani ni ghorofa moja, unateremka kwa lifti mpaka huko chini kusikoelezeka. Hii nimeirudia mara tatu. Hell Revealed ya 1997 na Alien Vendetta ya 2001 ni heshima ya mchezo, ila usizianze ukiwa mgeni, zitakuudhi. Sunlust ya 2015 ni nzuri kuitazama, na mimi hunitoa jasho hata kwenye ngazi ya chini.

Ukicheza, jua kwamba ukifa unarudishwa mwanzo wa ramani na bastola na risasi 50, silaha zote zimekwenda. Mgeni huona ni uonevu. Ila watunzi wengi wanaipima ramani kwa mtu anayeanza na bastola, na silaha ya kukutosha wameiweka karibu. Tazama kona za chumba cha kwanza kabla hujakimbia. F6 inahifadhi haraka, F9 inarudisha. Tab inafungua mchoro wa ramani. Mengine utajifunza kwa kufa.

Baada ya miezi hivi utatamani kutunga yako. Programu yake ni Ultimate Doom Builder, bure. Sitaieleza yote, ila nitakwambia nilivyoharibu, maana nilianza na nyumba ya bibi yangu kule shamba: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba viwili, ua nyuma na choo.

Nyumba ya chini kama ile inafaa sana, kwa sababu Doom haijui ghorofa. Kila kipande cha ramani kina sakafu moja na dari moja, huwezi kuweka chumba juu ya chumba. Aliyetaka kuchora jumba la Mji Mkongwe na roshani zake atahangaika. Nyumba ya shamba inaingia yote.

Baraza nililiinua vipimo 32 kutoka barabarani. Likapendeza. Nikabonyeza kujaribu, mtu wangu akafika pale akagonga ukingo, akasimama. Mchezaji wa Doom hupanda kidato cha vipimo 24, kikizidi hapo ni ukuta kwake, na kuruka hajui. Ikabidi nikate ngazi moja ya 16, kama ile ya kweli ambayo bibi huweka kandambili zake.

Mlango ndio ulionichelewesha. Mlango wa Doom ni kijichumba chembamba ambacho dari yake imeshushwa mpaka sakafuni. Ukiubonyeza dari inapanda. Ule mstari wa ukingo wake unaupa kazi namba 1. Nikaupa. Haukufunguka. Nikafuta, nikachora tena, haukufunguka. Mpwa wangu, ambaye yuko skuli kidato cha pili na alikuwa ameegemea kaunta akisubiri fotokopi zake, akanyoosha kidole kwenye skrini. “Mjomba, hiki kijiti mbona kinatazama ndani?” Kila mstari kwenye programu ile una kijiti kidogo katikati kinachoonyesha upande wake wa mbele. Unabonyeza kutoka mbele, na kinachopanda ni kile kilicho nyuma yake. Mimi nilivichora vijiti vinatazama ndani ya mlango, kwa hiyo aliyesimama ukumbini alikuwa nyuma ya mstari, na kutoka nyuma haubonyezeki. Chagua mstari, ugeuze, pande zote mbili za mlango vijiti vitazame nje. Fotokopi zake sikumtoza.

Mazimwi weka machache. Niliweka kumi na mawili ukumbini mwa bibi, na ule ukumbi hauenei hata wageni sita wa khitma. Nikayapunguza mpaka manne, na bunduki nikaiweka uani, ili ulazimike kupita katikati yao kuifuata.

Ukimaliza, hifadhi wadi, andika .txt yake, viweke pamoja kwenye zipu. Yangu inasema: Doom II, ramani moja, MAP01, inataka Boom, ngazi za ugumu zipo. Na kwenye mstari wa makosa yanayojulikana nimeandika kwamba mlango wa choo hufunguka kwa nje tu. Ukijifunga ndani, umekwisha.