Kuning'iniza taa ya zamani ya kopa kutoka Skandinavia

Ukibahatika kupata ile taa ya kopa, yaani shaba nyekundu, ya kuning'inia ya Denmark, ya kitambo, pengine mtu wa kwenu alirudi nayo kutoka majuu, tafadhali usianze kuisugua. Chukua sumaku kwanza. Ikishika, hicho ni chuma kimepakwa kopa tu, isiposhika angalia mahali pamekwaruzwa, kopa yenyewe ni nyekundu mpaka ndani.

Sasa waya, na hapa usiharakishe hata kidogo. Nyingi za zamani zina waya mbili tu, hakuna ya earth, ile ya usalama, na mpira wake ukiukunja unapasuka, sasa hiyo waya ikigusa kopa taa yote inashika stima na ni wewe utaipanguza kesho. Mwambie fundi atoe zote aweke mpya ya nyuzi tatu, kahawia ni live, bluu ni neutral, ile ya kijani na njano ndiyo earth, inafungwa kwa mwili wa taa wenyewe. Holda kama ni nzima aiache, huwa ni ya skuru, E27, kwa hivyo ukienda dukani usichukue balbu ya pini.

Siling ya jipsam haibebi kopa, ndoano iingie kwa mbao ya juu.

Kuhusu kung'arisha, ndimu na chumvi inatosha, lakini kama taa bado ina vanishi wacha, itatoka madoadoa. Mimi hapa Kisumu na huu unyevu wa ziwa niliamua iwe ya kahawia hivyo hivyo, na naipenda zaidi.

Halafu urefu, hapa ndio wengi huharibu, wanaiweka juu kabisa kama balbu ya kawaida. Hawa watu wa Denmark waliunda taa ili macho yasione balbu, hebu angalia taa inaitwa Artichoke, ya mbunifu wao Poul Henningsen, ya 1958, majani 72 yamepangwa yakiifunika pande zote, mwanga unakufikia ukiwa umegonga jani kwanza. Kwa hivyo ishushe, kama sentimita 60 juu ya meza, weka LED ya mwanga wa njano, 2700K, halafu mtu mmoja akae kitini mwingine ashike waya, anayeketi akiona balbu shusha tena kidogo, akiona uso wa mwenzake ng'ambo ya meza bila kuinama, funga hapo.