Somo: Kuwatafuta wenye vimelea wasioumwa, baada ya mlipuko wa kuhara mtaani

Somo hili ni la wahudumu wa afya ya jamii, wenzangu wa maabara, na yeyote aliyewahi kutumwa kukusanya vikopo vya choo Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, akarudi mkoba mtupu. Nazungumzia vimelea vitatu: giadia, kriptosporidia na amiba. Vyote huweza kukaa tumboni mwa mtu mzima wa afya, anakula, anafanya kazi, huku akivimwaga msalani. Huyo ndiye tunayemtafuta, na kwa sababu haumwi, hatakuja hospitali.

1. Anza na maji

Usichore mpaka wa kazi kwa kufuata kata. Mfereji ukikauka, nyumba moja huchota kisima cha jirani, nyingine hununua madumu ya lita 20 ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni kajaza mtaa wa tatu. Mfuate huyo. Muulize huteka wapi na huwapelekea nani. Kisha tia kwenye ramani kila kisima na kila choo cha shimo kilicho karibu nacho. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, uchafu hupenya upesi. Wanywaji wa maji hayo ndio orodha yako, hata kama wanakaa mbali.

2. Hesabu siku

Giadia huchukua wiki moja hadi mbili tangu kuingia mwilini mpaka kujitokeza. Ukipima siku chache tu baada ya watu kunywa maji hayo, utawaandika wazima watu ambao vimelea vyao bado havijaanza kutoka. Waliokwisha kumeza metronidazole ya duka la dawa (na hapa kwetu ni wengi) wasubiri kama wiki mbili hivi baada ya kumaliza dozi, la sivyo kipimo kitakudanganya.

3. Nani apimwe

Kila aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa, mzima asiyeumwa kabisa akiwemo. Wapika mahamri, wauza viazi karai na juisi ya ukwaju, watoto wa madrasa. Halafu chagua kwa bahati nasibu nyumba ambazo hazikupata mgonjwa hata mmoja. Hapa ndipo wengi huruka, na ni kosa: bila nyumba hizo huwezi kujua kama vimelea ulivyovikuta vimeletwa na mlipuko au vilikuwepo mtaani siku zote.

Mwone mzee wa mtaa kwanza, na imamu akikubali kusema neno baada ya swala, kazi yako imekuwa nyepesi. Majibu mpe kila mtu peke yake. Mama mmoja akitajwa mbele ya wateja wake, kesho hakuna atakayekupa kikopo.

4. Sampuli tatu, si moja

Giadia haitoki kila siku. Leo imejaa kwenye choo cha mtu, keshokutwa hakuna kitu. Sampuli moja huwapata takriban nusu hadi asilimia 70 ya walionayo. Tatu, za siku tofauti ndani ya siku kumi, hupita asilimia 90. Kwa hiyo kipimo kimoja kikisema hamna, hamna hiyo ni ya siku hiyo.

Kikopo kiwe kikavu, chenye kifuniko cha kuzungusha. Kisichanganyike na mkojo wala maji. Choo cha majimaji kitazamwe ndani ya nusu saa. Kigumu kinaweza kungoja. Ikiwa maabara iko ng'ambo ya feri, tia sehemu kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 10 hapo hapo nyumbani, maana foleni ya Likoni haina huruma.

5. Kwenye darubini

Usiishie kwenye tone la maji ya chumvi. Kusanya vimelea kwa fomalini na etha, zungusha kwenye mashine, kisha weka iodini. Giadia utaiona kama yai dogo la kahawia lenye nyuzi ndani. (Antoni van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini, aliiona mwaka 1681 kwenye choo chake mwenyewe.) Kriptosporidia haionekani hivyo: inataka rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, na hata hapo ni vidoto vyekundu vya mikromita 4 hadi 6. Hamira hufanana navyo kwa umbo ila haishiki wekundu. Usipoagiza rangi hiyo mahususi, maabara nyingi hazitaitumia.

Amiba ndiyo inayotusumbua. Entamoeba histolytica, inayodhuru, na Entamoeba dispar, isiyodhuru, zina mayai yasiyotofautika kwa macho. Ukiweza, tumia kipimo cha antijeni, kinachotafuta protini za kimelea chenyewe. Kuandika "amiba" tupu kisha kugawa dawa mtaa mzima ni uvivu.

Maswali mliyoniuliza

*Assalaam aleikum mwalimu. Mimi nauza mahamri Majengo, na cheti cha afya ninacho. Nipimwe tena?*

Wa aleikum salaam, mamangu. Ndiyo. Cheti kinaeleza choo cha siku ile uliyopimwa, hakijui maji uliyokunywa baadaye.

*Aliyekutwa na vimelea lakini haumwi, apewe dawa?*

Inategemea kimelea, kakangu, na uamuzi ni wa daktari. Histolytica hutibiwa hata asipoumwa, kwa kuwa inaweza kupanda hadi kwenye ini miezi baadaye. Na metronidazole peke yake haisafishi mayai yaliyo utumboni, huongezwa dawa kama paromomycin. Dispar haihitaji dawa. Giadia kwa mtu asiyeumwa mara nyingi huachwa, ila kwa mpishi, au nyumba yenye mjamzito au mwenye kinga dhaifu, daktari anaweza kuamua kutibu.

*Bwana afya ametia klorini kisimani. Si yatosha?*

Kwa kipindupindu inasaidia sana. Kriptosporidia haijali klorini ya kiwango hicho. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yabubujike dakika nzima.

*Ustadh wa madrasa hapa, Bamburi. Mtoto akikutwa na vimelea nimrudishe nyumbani?*

Asiyehara abaki darasani, Ustadh. Anayehara apumzike. Weka dumu lenye bomba na sabuni mlangoni pa choo, na usitegemee ile dawa ya mikono yenye spiriti, kwani haiui kriptosporidia. Watoto wadogo wasimamiwe wakinawa. Wakiachwa wenyewe hulowesha vidole viwili na kukimbia.