SOMO: Mnyoo laini anavyotoboa ganda la chaza

Wakuu, ukiokota ganda la chaza ukakuta ukingoni vitundu viwili vilivyokaribiana kama matundu ya pua, hapo alikaa mnyoo aitwaye polidora. Mwembamba kama uzi, urefu sentimita moja au mbili hivi.

Hatua ya 1: Akiwa mchanga huelea tu baharini, kisha hutua ukingoni mwa ganda.

Hatua ya 2: Utamu uko hapa. Ganda ni chokaa. Dondoshea siki uone linavyotoa povu. Mnyoo naye hutoa ute wenye tindikali, chokaa inalegea. Tena pingili yake ya tano ni nene kuliko zingine na ina miiba migumu ya kukwangulia. Kuna jaribio ambalo miiba iling'olewa na bado akatoboa, kwa hiyo kwangu mimi ute ndio fundi, miiba ni saidia fundi.

Hatua ya 3: Anachimba, anakunja kona, anarudi alikotoka. Handaki linakuwa na umbo la U. Anatoa vipapasi viwili mlangoni na kudaka chembe za chakula zinazopita.

Hatua ya 4: Akitokeza upande wa ndani, chaza humzibia kwa tabaka jipya la ganda. Linabaki lengelenge jeusi lililojaa tope. Litoboe kwa ncha ya kisu: harufu ya yai viza!

MASWALI

Mkuu, anakula nyama ya chaza?
Hapana, ni mpangaji tu. Ila chaza anamaliza nguvu kwa kuziba kuta.

Nikimla chaza huyo?
Mnyoo hakudhuru. Chunga kisu kisipasue lengelenge, tope likamwagikia nyama.

Wafugaji wanamtoaje?
New South Wales, Australia, mwishoni mwa karne ya 19 minyoo hii iliangamiza chaza waliofugwa chini kwenye tope. Wakawapandisha kwenye vijiti na trei, maji yakitoka wapate kukauka. Wakishaingiliwa, huanikwa kivulini siku 7 hadi 10: chaza anabana ganda na kuvumilia, mnyoo anakauka.

Ndiye huyu anayetoboa mitumbwi?
Siye. Yule wa mbao ana umbo la mnyoo tu, lakini ni jamaa ya chaza mwenyewe. Mtazame kichwani, ana vipande viwili vidogo vya ganda, na ndivyo anavyotobolea.