Kutoa viputo vya hewa kwenye bomba la insulini

Kiputo kidogo cha hewa chini ya ngozi hakina madhara, kwa hiyo usiogope. Tatizo ni dozi: kiputo kilichokalia nafasi ya uniti 2 kimekupunja uniti 2, na sukari itapanda.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Moshi, chupa ikitoka kwenye friji iache mezani nusu saa. Insulini ya baridi hutoa viputo ikianza kupata joto, tena inauma. Ile ya rangi ya maziwa ibiringishe taratibu viganjani. Kuitikisa ndiko kunakoleta povu.

Dozi ikiwa uniti 20, vuta kwanza hewa ya uniti 20, uisukume ndani ya chupa. Usipofanya hivyo, chupa hunyonya na insulini hugoma kutoka. Pindua chupa juu chini, ncha ya sindano ibaki ndani ya dawa, vuta polepole. Ukiona kiputo, piga bomba kwa kidole hadi kipande juu, kirudishe chupani, kisha vuta tena hadi 20 kamili. Sindano isitoke kwenye chupa mpaka umalize.

Wenye kalamu ya insulini (kifaa cha kujichoma chenye dawa ndani tayari): kabla ya kila dozi, elekeza sindano juu, toa uniti 2 hewani, hadi tone lionekane.