Farasi wa porini: uliza ukoo kwanza, sheria baadaye

Nafundisha biolojia Katuba, hapa Lubumbashi, na wanafunzi hunionyesha kwenye simu farasi wanaokimbia bila hatamu: "Mwalimu, huyu ni wa porini?" Picha haijibu swali hilo. Uliza kwanza: mababu zake walishawahi kufugwa?

Mustang wa Marekani, ndiyo. Mababu zake waliletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, wengine wakatoroka, wakazaliana nyikani. Lakini mpe mwanafunzi na upande wa pili: ukoo wa farasi ulianzia Amerika Kaskazini, ukatoweka huko miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Watetezi wa mustang husema amerudi kwao, na mimi naona hoja hiyo ina uzito.

Takhi, aina ya farasi wa Mongolia, mpime kwa kromosomu, yaani vibeba urithi ndani ya seli: anazo 66, farasi wa kufugwa 64. Porini alionekana mara ya mwisho 1969, akabaki kwenye bustani za wanyama, na tangu 1992 anarudishwa Mongolia. Usifunge daftari bado. Uchunguzi wa DNA wa 2018 ulimuunganisha na farasi wa Botai, Kazakhstan, walioishi na watu miaka kama 5,500 iliyopita. Kama kweli walifugwa, wataalamu wanabishana hadi leo, kwa hiyo ubaoni mimi naandika takhi na alama ya kuuliza.

Sasa sheria. Hapa watu wengi hukosea wakidhani inafuata damu, kumbe hufuata ardhi. Sheria ya Marekani ya 1971 inamlinda mustang, ingawa mababu zake walifugwa, lakini kwenye ardhi ya umma ya idara mbili tu: ile ya ardhi na ile ya misitu. Farasi ambao kwao ni ardhi nyingine, sheria hiyo haiwahusu. Kwa hiyo ukisoma habari ya farasi waliokamatwa, tafuta kwanza walikuwa kwenye ardhi ya nani. Australia ndugu zao huitwa brumby, na sehemu nyingi huhesabiwa kuwa waharibifu.

Zoezi la mwisho mpe la nyumbani, Katanga: punda milia wa parke ya Upemba. Ni jamii ya farasi, na mababu zake hawakufugwa kamwe. Parke ipo tangu 1939, iko chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo ya kuhifadhi mazingira, kuwinda ndani yake ni marufuku. Wamebaki wachache mno. Kwa huyu mwanafunzi aandike majibu yote mawili, la ukoo na la sheria, kwa kalamu, bila alama ya kuuliza.