Kabla Hujaenda Tamasha la Matunda ya Msimu

Tarehe ya tamasha hupangwa mapema, pengine miti haijachanua hata ua moja. Mwembe huchukua takriban miezi mitatu hadi mitano tangu maua hadi embe kukomaa, na katikati hapo lolote laweza kutokea: mvua nzito ikapukutisha maua, baridi ikachelewesha, joto likawahisha. Kwa hiyo siku chache kabla ya safari wasiliana na waandaaji. Usiishie kuuliza kama tamasha lipo, uliza pia matunda yamefikia wapi: aina gani imekolea, ipi ndiyo kwanza inalimbukiwa, ipi imeshapita. Kama unachofuata ni aina moja tu, majibu hayo ndiyo yatakayokuambia uende siku ya kwanza au ya mwisho.

Linalofuata wengi hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko yote: fahamu tabia ya tunda unalokwenda kununua. Ndizi, embe, parachichi, papai na tufaha huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yalichumwa yakiwa yamekomaa. Hayo unaweza kuyanunua kwa mafungu, mengine ya kula leo, mengine bado magumu ya kuliwa wiki ijayo. Nanasi, zabibu, stroberi, tikiti maji na jamii yote ya machungwa na ndimu hayana subira hiyo. Yakichumwa hayaongezi utamu, hata uyavundike vipi. Nanasi litalainika na kubadilika rangi, lakini sukari iliyomo ni ileile iliyotoka nayo shambani. Kwa hiyo hayo yaonje palepale, na lisilo tamu liache. Kwenye tamasha kuonja hakuna aibu, na mkulima mwenye bidhaa nzuri atakukatia kipande kabla hujaomba.

Chukua vyombo vyako. Mfuko laini ni adui wa tunda bivu, kwa kuwa ya juu huyaponda ya chini na jeraha moja likishaanza kuoza huambukiza jirani. Kreti ya plastiki, boksi gumu au kapu pana litandikwe gazeti au nguo kuukuu, na matunda yapangwe safu moja, mbili zikizidi sana. Ndizi na tufaha zilizoiva usizichanganye na yale unayotaka yakae. Hutoa gesi ya ethilini ambayo huwaivisha wenzake haraka. Gari lisiachwe juani na mzigo ndani. Nyumbani nako andaa nafasi kabla hujatoka, na si lazima iwe kwenye friji: ndizi mbichi hudhurika chini ya nyuzi joto 13 hivi, ganda likawa jeusi na kuiva kukavurugika. Embe na papai mbichi nazo hazipendi baridi. Sehemu yenye kivuli na hewa yatosha.

Afya nayo ifikiriwe mapema, hasa ukiwa na watoto au wagonjwa. Utomvu wa kwenye kikonyo na ganda la embe huwawasha baadhi ya watu hadi kutoka malengelenge, hivyo beba maji ya kunawa na kisu chako cha kumenyea. Mwenye mzio wa mpira, ule wa glavu na puto, aweza pia kudhuriwa na ndizi, parachichi au kiwi. Mgonjwa wa figo asiguse karambola, lile tunda ambalo kipande chake hufanana na nyota. Lina sumu ambayo figo dhaifu haziwezi kuiondoa, na limewahi kuua. Balungi huvuruga baadhi ya dawa, zikiwemo za kupunguza kolesteroli, kwa hiyo anayetumia dawa kila siku amuulize mfamasia kabla. Zabibu za mtoto mdogo zikatwe kwa urefu, kwani nzima humkaba koo. Tunda lililokwisha kukatwa likikaa nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, au saa moja kukiwa na joto kali, liache, hata kama linavutia.

Ondoka alfajiri. Asubuhi matunda hayajapigwa jua, wakulima hawajachoka, na utapata nafasi ya kumuuliza mtu jinsi alivyokata matawi na alivyopambana na nzi wa matunda. Fedha taslimu za noti ndogo, kofia na viatu vya kutembea kwenye tope, basi.

Mwenye kuvuka mpaka wa nchi asome kwanza masharti ya forodha. Nchi nyingi huzuia matunda mabichi kwa sababu funza wa nzi wa matunda husafiri ndani yake bila kuonekana kwa nje. Faini yake yaweza kuzidi thamani ya kreti nzima, na hasara ya mdudu huyo hubebwa na wakulima wa upande wa pili. Kama unarudi nchi yenye katazo hilo, kula ya kutosha huko huko tamashani, na ukitaka kubeba kitu, ulizia jamu au yaliyokaushwa na uhakikishe kwamba nayo yanaruhusiwa.