Unataka kuwa masta wa chesi ukiwa Mombasa? Anzia hapa

Kuna vijana hapa Mombasa wanakutafuna barazani kahawa haijapoa, lakini ukiwauliza retingi yao (namba inayoonyesha nguvu ya mchezaji) hawana, na bila retingi FIDE, shirikisho la chesi duniani, haikujui. Basi jisajili kupitia Chess Kenya upate namba ya FIDE, kisha ingia mashindano yanayohesabiwa. Gemu tano na watu wenye retingi ndo mwanzo, na retingi ya chini kabisa siku hizi ni 1400.

Mashindano mengi makubwa yako Nairobi, kwa hivyo weka pesa ya SGR au basi, ya kulala na ya kiingilio, na tafadhali nenda siku moja kabla manake ukishuka basi la usiku ukaenda moja kwa moja raundi ya kwanza utaacha malkia bure.

Sasa hapa ndo watu huharibu: wanakimbilia kundi la wanyonge wabebe kombe. Chukulia we ni mgeni, 1600, kila gemu tofauti kati ya ulichopata (ushindi 1, sare 0.5) na ulichotarajiwa inazidishwa kwa 40 mpaka ufikishe gemu 30. Ukikutana na mtu wa 1800 unatarajiwa kupata kama 0.24, ukimpiga unapanda pointi 30 hivi, sare kama 10, akikupiga unashuka 10 tu. We ukimpiga mtoto wa 1400 unapata hizo 10 tu, na akikupiga 30 zimekwenda, sasa woga wa nini bana? Ingia kundi la juu.

Mezani simu izime kabisa, ikilia umepoteza. Ukigusa kete utaicheza, hakuna "aa nilikuwa naipanga". Na andika kila muvu kwa mwandiko unaosomeka, karatasi hiyo ndo mwalimu wako ukirudi nyumbani.

Vyeo vya FIDE sasa: ukifika 2200 unaomba CM (Candidate Master), 2300 FM (FIDE Master). IM (International Master) ni 2400 pamoja na nomu tatu, yaani mashindano uliyocheza kwa kiwango cha cheo hicho, GM (Grandmaster) 2500 na nomu tatu, na nomu ya IM yataka ucheze kwa kiwango cha 2450, kwa kawaida raundi tisa, ukikutana na mamasta na wachezaji wa nchi nyingine, kwa hivyo pasipoti iwe tayari. Inawezekana, Amon Simutowe wa Zambia amekuwa GM tangu 2009. Na nomu ikipatikana usitoke ukumbini bila cheti chake kilichosainiwa na mwamuzi mkuu, kumfuatilia baadaye kwa imeli akiwa nchi nyingine ni kazi.